Mpe, Namjua

Bi Ermelinda alipoteza nyumba yake kwa neno moja alilolijua tangu utotoni. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Vale da Urze, kijiji chetu cha milimani Ureno, wapo wanaosema aliipoteza kwa ujinga, na wapo wanaosema aliipoteza kwa kumdekeza mwanawe. Wote wanakosea, na kwa kuwa wengi wao bado nawadai sukari na mafuta, naomba wakae kimya nimalize.

Mimi ni Eulália, mwenye duka. Kwetu mtu asiye na pesa mkononi huuziwa fiado, yaani huuziwa kwa kuaminiwa tu, alipe viazi vikichimbwa au mshahara ukitoka kiwandani. Mama yangu aliuza hivyo, na bibi yangu kabla yake. Lakini mtu hawezi kumjua kila anayepita mlangoni, na hapo ndipo alipoingia Ermelinda.

Yeye alikuwa fundi wa kutililia katika kiwanda cha sufu huko mjini Covilhã mpaka alipostaafu. Kitambaa kikitoka mitamboni na kasoro, uzi umekatika au tundu limetokea, yeye alikuwa akiziba kwa sindano hata aliyekifuma asijue palikuwa wapi. Macho ya namna hiyo hayastaafu. Mumewe alipofariki akawa anashinda dukani kwangu, ameketi kwenye kiti cha nyasi karibu na jiko la kuni, na soksi za watu magotini. Mgeni akitaka kuchukua kitu bila pesa, awe mchunga kondoo aliyeajiriwa juu mlimani au mwalimu mpya, mimi humtazama Ermelinda. Naye humwangalia yule mtu juu ya miwani, anamkagua kama anayetafuta uzi uliokatika, kisha husema, "Mpe, namjua." Husema hivyo hata kama ndiyo kwanza anamwona.

Mtu anayekusemea hivyo, kwetu huitwa fiadora. Neno hilo limetoka tumbo moja na fiado. Na kazi ya fiadora ilikuwa moja tu. Mdaiwa akichelewa, Ermelinda anavaa koti lake jeusi, anamfuata penye watu, sokoni au nje ya kanisa, anasimama mbele yake na kusema kwa sauti: "Neno langu liko kwa Eulália. Nenda ukalitoe." Basi. Hatukani, harudii. Sijaona mtu aliyeweza kukaa na neno la Ermelinda bila kuja kulitoa. Wala yeye hakuwahi kulipa hata senti ya mtu, maana fiadora halipi. Fiadora hupeleka aibu kwa mwenyewe, na aibu ndiyo hulipa.

Alikuwa na mtoto mmoja, Délio. Alifanya kazi kiwanda kilekile, upande wa kutia rangi, akaishi mjini na mkewe Célia na binti yao mchanga. Nampenda Délio, namjua tangu alipokuwa akiiba zabibu kavu kwenye gunia langu huku akinitazama usoni. Kasoro yake ni kwamba hakuweza kupita mbele ya dirisha la duka bila kuingia. Akawa na gari la mkopo, na televisheni ya mkopo pana kama mlango wa zizi, na kadi mbili za benki zilizokauka. Alikuwa na deni kwa Zeferino aliyemtengenezea gia za gari, na deni kwangu la miezi ile Célia alipokuwa kitandani na uzazi. Hakuna hata moja lililokuwa la kumuua mtu, lakini kila wiki ilikuwa na mdai wake, na simu ikilia Délio alikuwa akiruka kama kaguswa na moto.

Halafu akasikia tangazo redioni. Sauti tamu ya mwanamke ilisema, yafanye madeni yako yote yawe moja, lipa mara moja kwa mwezi, pumua. Délio akapiga simu. Wakamwambia inawezekana, ila atafute mdhamini mwenye kitu, ambaye nao humwita fiadora, na yeye mtu mwenye kitu aliyekuwa naye duniani ni mama yake. Kitu chenyewe ni ile nyumba ya mawe pale juu ya chemchemi, ambayo mumewe Ermelinda aliijenga Jumapili kwa Jumapili, na mti wa cherry mbele yake.

Mtu wa kampuni alikuja mwenyewe, na gari la rangi ya fedha na viatu visivyofaa kwa matope yetu. Akaingia dukani kuuliza njia. Alikuwa na tai, na kwetu mtu mwenye tai aliyepita chuo kikuu anaitwa daktari, hata kama hajawahi kupima homa.

"Daktari, afadhali umekuja," akasema Ermelinda, akivuta sketi juu ya goti. "Hili goti linanitesa tangu Pasaka. Hebu lione."

Yule bwana akarudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi si daktari wa magoti. Mimi ni daktari wa madeni."

"Kumbe! Na dawa yako ni chungu au tamu?" nikamuuliza.

"Tamu, mama. Tamu kama asali."

"Hizo tamu ndizo zinazotoboa meno," nikasema. Akacheka sana, akanunua jibini bila kuuliza bei. Mtu asiyeuliza bei mimi simwamini, ila jibini nilimuuzia.

Wakaenda nyumbani kwa Ermelinda, na Délio akawakuta huko. Mchana Ermelinda akarudi kwenye kiti chake, uso umechanua.

"Nimekuwa fiadora wa Délio," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa kampuni ya daktari. Wameniandika kabisa, jina lote, mpaka la baba."

Nikacheka mpaka nikashika kaunta. "Basi Délio kwisha habari yake! Akichelewa siku moja utamtoa chini ya kitanda."

"Nitamtoa kwa sikio, shoga yangu. Mbele ya mkewe."

"Na ile karatasi uliisoma?"

"Daktari kanisomea. Alisoma mbio kama padri mwenye njaa. Nilipomwambia arudie pale katikati, Délio akasema, mama, ni utaratibu tu, wanataka jina." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nikawapa. Jina langu si ndilo ninalowapa watu wote? Nimnyime mwanangu?"

Nami nilipolisikia lile neno sikushtuka. Lilikuwa neno letu. Nani hapa kijijini angeweza kuwa fiadora kama si Ermelinda?

Wiki iliyofuata Délio akaja dukani na bahasha. Alikuwa amenyoa, ananukia.

"Bi Eulália, nimekuja kumaliza."

"Kumaliza nini? Nimekuita?"

"Hapana, ila daktari kasema niyataje yote, hata madogo. Wanayafunga pamoja. Nimeshamlipa Zeferino pia."

"Délio, hili la kwangu si la kufunga na mengine. La kwangu halizai. Hata likae mpaka binti yako aolewe, litabaki vilevile."

"Najua. Lakini nataka nipumue, Bi Eulália. Nataka niwe na deni moja tu."

"Kwani mimi ndiye niliyekuziba pua?"

Akacheka, akanibusu mashavuni, akaziacha pesa juu ya kaunta. Nikazichukua, ningefanya nini. Lakini ziliniudhi siku nzima. Deni lililokuwa kwangu lilikuwa na masikio. Ukiliambia ngoja, mtoto anaumwa, linasikia na linangoja. Yeye akalitoa hapo akaenda kulitia kwa watu wa mbali, ambako lilianza kuzaa kama sungura.

Mambo mengine niliyajua baadaye, wakati kujua kulikuwa hakusaidii. Kampuni ilikata ada yake kwanza, kabla Délio hajaona senti, na ada yenyewe ikaongezwa kwenye deni, ikatozwa riba. Rejesho la mwezi lilikuwa dogo kweli, hawakudanganya, lakini lilikuwa dogo kwa sababu walilivuta liwe refu. Gari lililokuwa limebakiza miaka mitatu kulipwa sasa lingelipwa miaka kumi na miwili, na gari lenyewe lilikuwa limeshaanza kukohoa. Wakamuuzia na bima ya kupoteza kazi, nayo ndani ya deni. Na zile kadi mbili hakuna aliyemwambia azikate. Zilikuwa safi kama sahani zilizooshwa. Krismasi ilipofika, mtoto akataka farasi wa mbao, Célia akataka buti, na Délio akaanza kupakua tena kidogo kidogo, moyo mweupe, maana si alikuwa na deni moja tu?

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kiwanda kikafungwa majira ya baridi yaliyofuata. Waliwaita wafanyakazi mmoja mmoja, wakawapa karatasi ya kukubali kuondoka kwa maelewano na kiinua mgongo kiduchu, na kila mtu akasaini, kwa sababu asiyesaini aliambiwa hatapata hata hicho. Délio akaenda kwenye bima. Bima wakamwambia, sisi tunamlipa aliyefukuzwa, wewe umeelewana. Alinisimulia hapo kwenye kaunta, akicheka kicheko ambacho sikukipenda.

"Nimeelewana, Bi Eulália. Unasikia? Nimeelewana na njaa."

Akalipa miezi michache kwa kile kiinua mgongo, kisha hakikubaki kitu. Barua ya mahakama ikamfikia Ermelinda. Alinisomea mwenyewe dukani, polepole, na alichokielewa ni kimoja, kwamba Délio hajalipa na yeye fiadora anajulishwa. Akaikunja, akachomeka sindano kwenye soksi, akasimama.

"Nipe koti langu," akasema.

"Unakwenda wapi na baridi hii?"

"Kazini."

Mimi nilikuwa nashuka mjini kuchukua bidhaa, tukaenda pamoja kwa basi. Tulimkuta Délio mgahawani mbele ya lango la kiwanda, pamoja na wenzake waliokuwa hawana pa kwenda lakini walikuwa bado wanaamka saa za zamu. Kila mmoja kikombe kimoja cha kahawa cha asubuhi nzima. Ermelinda akapita katikati ya meza, akasimama mbele ya mwanawe. Karibu wote walikuwa wanamjua. Wengine walijifunza kazi kwake.

"Délio," akasema kwa sauti. "Neno langu liko kwa watu. Nenda ukalitoe."

Délio akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mama, keti kwanza."

"Sikuja kuketi."

"Mama, hawa si Bi Eulália. Hawa hawana habari na aibu yangu."

"Kila mtu ana habari na aibu. Nenda ukalitoe."

"Nikalitoe kwa nini, mama? Kwa hiki kikombe?"

Mmoja wa wenzake, mzee mwenye mikono iliyobaki na rangi ya buluu, akainua mkono. "Bi Ermelinda, mhurumie. Sote tuko hivihivi."

"Ninyi sikuwasemea mimi. Huyu nilimsemea."

Nilimwona Délio akifungua mdomo. Ni pale alipotambua kwamba mama yake hajui. Alidhani anajua, alidhani amekuja kumlilia nyumba, kumbe amekuja kufanya kazi yake ya siku zote. Ningekuwa mimi ningemwambia palepale. Lakini mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake, atapata wapi tena ulimi wa kusema, mama, nimekuuza? Akavaa kofia, akatoka, na kahawa yake ikabaki nusu.

"Atalipa," akaniambia Ermelinda kituoni. Alikuwa ameridhika. "Umeona uso wake? Atalipa."

Ili kazi iwe kamili, akapanda mpaka mahakamani. Nilimsubiri na magunia yangu, na alinieleza mwenyewe yaliyotokea. Alimwambia binti wa dirishani, "Nimeshamsema. Mbele ya watu, na Eulália shahidi." Yule binti akamwangalia, akasema, "Bibi, hapa unatakiwa ulete pingamizi, tafuta wakili, siku zenyewe ni chache." Ermelinda akamjibu kwamba hana pingamizi lolote, kosa ni la mwanawe na ameshalishughulikia. Akamshukuru, akamwachia na jozi ya soksi.

Siku zikapita. Délio hakulipa. Alikwenda Uswisi kufanya kazi ya kubeba vyombo hotelini, na simu zake zikawa za Jumapili, kisha za mwisho wa mwezi, kisha zikakoma. Célia akarudi na mtoto kwa wazazi wake, upande wa pili wa mlima.

Dalali wa mahakama alikuja mti wa cherry ulipokuwa na maua. Alikuwa mtu mpole, na hilo lilifanya iwe vibaya zaidi, kwa sababu hatukuwa na wa kumtukana. Akapima vyumba, akabandika karatasi mlangoni. Ermelinda alimfuata chumba hadi chumba.

"Baba, mwenye deni ni Délio. Ana gari. Anzeni na gari."

"Bei ya gari haifiki popote, mama, na limeshashikwa kwa deni lake jingine la kadi. Tena hatulazimiki kuanza naye."

"Fiadora gani anafuatwa kabla ya mwenye deni?"

"Wewe, mama. Ulikubali. Ipo hapa, pale katikati. Umeacha haki ya kudai mdaiwa afuatwe kwanza."

Pale katikati. Ndipo padri alipokuwa na njaa.

Ermelinda akaketi kwenye ngazi ya jikoni. "Kwa hiyo fiadora analipa?" akaniuliza mimi, si yule dalali, kama mtoto anayeuliza jambo ambalo wakubwa wote wanalijua. Nikamwambia, "Kwa hao, ndiyo." Nililia mimi. Yeye hakulia. Alitazama mikono yake, akiigeuza juu na chini, na nikaona kwamba si nyumba tu iliyokuwa ikimtoka. Miaka yote ile alikuwa akisema mpe, namjua, na sasa hakujua alikuwa akisema nini.

Nyumba ikauzwa kwa bei ya banda, haikufuta hata deni lote, na mpaka leo wanamkata sehemu ya pensheni. Mchuma janga hula na wa kwao. Walioinunua ni mtu na mkewe kutoka Lisbon, wanakuja Agosti. Wameupaka mlango rangi ya buluu. Si watu wabaya, wananunua kwangu na wanalipa taslimu.

Nilimpa Ermelinda chumba cha juu ya duka. Alikuja na cherehani na kitanda. Kile kiti cha nyasi kilikuwa dukani kwangu siku zote, na bado akaniuliza kama anaruhusiwa kukikalia. Nilimfokea kwa swali hilo mpaka wateja wakatoka. Aliketi. Alitililia kama zamani. Lakini mgeni akiingia akataka fiado, nami nikamtazama Ermelinda, aliinamisha kichwa kwenye soksi. Nikaacha kumtazama. Nikawa nawapa au kuwanyima kwa kubahatisha, na nimedhulumiwa zaidi katika miaka hii kuliko maisha yangu yote.

Mwaka jana, siku ya kuamkia Watakatifu Wote, watu wakinunua mishumaa ya makaburini, mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu amekonda, begi moja, koti la nchi za watu. Alipovua kofia nikamjua. Huko Uswisi mgongo ulimharibikia, wakamtoa. Alikuwa ametoka kwa Célia, na kwa Célia hawakumfungulia. Aliona kaunta, aliniona mimi. Kwenye kona ya jiko hakutazama, au alitazama akaogopa.

"Bi Eulália," akasema. "Naomba mkate. Na mshumaa wa baba. Sina kitu leo, nitakulipa nikipata kibarua cha kuchuma zeituni."

Duka lilikuwa na watu, nao wote wakajifanya wanachagua mishumaa. Ningeweza kumpa tu. Nilimwachia zabibu kavu miaka yote ile bila kumuuliza mtu. Lakini mkono ulikataa, shingo ikageuka yenyewe kwa mazoea, nikajikuta namtazama Ermelinda.

Alikuwa ameinua kichwa. Alimkagua mwanawe juu ya miwani, kuanzia viatu, polepole, magoti, mikono, ule uso, kama anavyokagua kitambaa kilichorudishwa. Délio alisimama wima akaguliwe.

"Mpe," akasema Ermelinda.

Nikangoja lile neno la pili. Sote tulingoja, Délio kuliko wote, kofia ameishika kwa mikono miwili. Lakini Ermelinda alikuwa ameshainama, anatafuta tundu la sindano kwa uzi, na uzi ulikuwa unakosea.

Nikafunga mkate kwenye karatasi, nikaweka na mshumaa juu yake, nikampa.